Mpeni Kiti Mwenye Uchuro

Kuna swali moja ambalo likiulizwa kikaoni watu huangalia chini. Mradi umeshapangwa, bajeti imepita, mkurugenzi ana furaha, halafu mtu wa stoo ananyoosha mkono: "Na meli ikichelewa miezi miwili je?" Hajibiwi. Anaambiwa asilete uchuro. Akikazana, anaitwa mdomo mbaya, na kikao kijacho taarifa haimfikii.

Ofisi hiyohiyo, ukifungua kabati, ina rejista ya vihatarishi. Ni jedwali zuri lenye safu za uwezekano wa kutokea, ukubwa wa athari na jina la mhusika, limepakwa nyekundu, njano na kijani. Lipo kwa sababu wakaguzi huliulizia. La mwaka huu limenakiliwa kutoka la mwaka jana, na la mwaka jana lilitoka kwa mshauri mwelekezi, ambaye naye alilitoa kwa mteja mwingine. Kila mwaka "moto" umo, umepewa rangi ya njano, na mhusika ni afisa utawala. Ukimuuliza afisa utawala ni lini alifungua mlango wa dharura wa nyuma, atakwambia ufunguo yuko nao mlinzi wa zamu ya usiku.

Wengi wanaohubiri ubunifu katika usimamizi wa vihatarishi humaanisha programu mpya ya kompyuta au rangi nyingi zaidi kwenye jedwali. Mimi nadhani kinachokosekana ni kitu kingine kabisa. Habari mbaya za biashara huwa tayari zinajulikana na mtu fulani ndani ya jengo. Zinakosa mahali halali pa kusemewa. Ubunifu wenye faida ni ule unaompa huyo mtu nafasi ya kusema, bila kuonekana ana roho mbaya.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein alipendekeza njia moja rahisi kupita kiasi, na mwaka 2007 akaieleza katika jarida la Harvard Business Review. Kabla mradi haujaanza, kiongozi anawaambia walioketi mezani: tuko mwaka mmoja mbele, mradi huu umekufa, tena umekufa vibaya. Kila mtu achukue kalamu aandike umekufa kwa nini. Dakika chache tu, kimya kimya, halafu kila mmoja anasoma moja kati ya aliyoyaandika, zamu kwa zamu, mpaka sababu zote ziishe.

Angalia ujanja wake. Ukiuliza "mnaona tatizo lolote?", anayejibu ni mpinzani wa bosi. Ukisema "mradi umeshakufa, tuambie ulikufaje", anayejibu kwa ufundi ndiye mwerevu wa siku hiyo. Mwenye uchuro amegeuzwa mtaalamu. Klein alinukuu utafiti wa mwaka 1989 uliobaini kwamba watu wakilichukulia tukio kama limeshatokea, uwezo wao wa kutaja sababu kwa usahihi hupanda kwa asilimia 30. Njia hii haina gharama, isipokuwa kiburi cha mwenye kiti.

Kwetu sisi, ambao tunaamini maneno huumba, zoezi hilo si jepesi. Kuna wafanyabiashara wakubwa ambao hawataki hata kuandika wosia. Lakini hao hao hununua tairi la akiba kwa kila lori, na hakuna dereva aliyewahi kuambiwa kwamba kubeba tairi la akiba ni kuombea pancha.

Aliyenishawishi zaidi kuhusu jambo hili ni mwanajeshi mstaafu. Rick Rescorla alizaliwa Cornwall, Uingereza, akapigana Vietnam akiwa katika jeshi la Marekani, kisha akawa mkuu wa usalama wa kampuni ya fedha ya Dean Witter, ambayo mwaka 1997 iliungana na Morgan Stanley. Ofisi zake zilikuwa katika mnara wa kusini wa World Trade Center, New York. Mwaka 1990 alimwita rafiki yake wa miaka mingi, Dan Hill, akampa kazi ya ajabu: zunguka jengo hili kama adui, uniambie ungelibomoaje. Hill alishuka hadi maegesho ya chini. Akaona nguzo zinazobeba jengo, akaona hakuna anayemzuia mtu asiyejulikana. Jibu lake likawa jepesi: ningeingiza gari lililojaa mabomu, nikaliacha, nikaondoka.

Wakapeleka tahadhari kwa mamlaka iliyomiliki jengo. Haikufanyiwa kazi. Tarehe 26 Februari 1993 gari lililojaa milipuko liliachwa katika maegesho hayo ya chini, likalipuka, likaua watu 6 na kujeruhi zaidi ya 1,000.

Rescorla hakukaa kusema "niliwaambia". Aliuliza tena swali lilelile: sasa mlango wa chini umefungwa, adui atapita wapi? Jibu walilofikia safari hii ni angani. Aliishauri kampuni ihamie New Jersey, kwenye majengo mafupi. Mkataba wa pango ulikuwa haujaisha, kampuni ikabaki. Basi akachukua kilichokuwa mikononi mwake: akawafanyisha wafanyakazi mazoezi ya kutoka ndani ya jengo, mara kwa mara, wawili wawili kwenye ngazi, yeye mwenyewe akiwa na kipaza sauti na saa. Hebu fikiria dalali wa hisa aliye katikati ya simu ya mamilioni, anaambiwa ashuke ngazi za ghorofa hamsini na kitu kwa sababu ya mzee mmoja mwenye hofu zake. Walilalamika, na wakubwa walikuwa wa kwanza. Lakini walishuka.

Asubuhi ya Septemba 11, 2001, mnara wa kaskazini ulipogongwa, waliokuwa mnara wa kusini walitangaziwa wabaki ofisini. Rescorla hakulisikiliza tangazo hilo. Alichukua kipaza sauti chake akawaamuru watu wake watoke, huku akiwaimbia ili wasitaharuki. Karibu wafanyakazi 2,700 wa kampuni hiyo walikuwa humo. Wote walinusurika isipokuwa wachache sana. Yeye alionekana mara ya mwisho akipanda tena juu kutafuta waliobaki.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinaonyesha hatua ambayo rejista haina. Rejista huuliza: hatari gani zipo? Hill aliuliza: mimi ningefanyaje ili niwaumize? Kwa muuza duka swali hilo linageuka hivi: kama ningekuwa mshindani wangu, au mwizi, au karani wangu mwenye hasira, ningepita mlango gani? Mpe kazi hiyo kijana wa dukani kwa siku moja. Mwambie: nenda, tafuta njia ya kuniibia, uje uniambie. Utashangaa atarudi mapema kiasi gani, na utajiuliza alijua tangu lini.

Kisa cha pili ni cha haraka, nacho kinahusu habari ilikopita. Tarehe 17 Machi 2000 radi ilisababisha moto katika kiwanda cha Philips kule Albuquerque, jimbo la New Mexico. Moto ulidumu dakika kama 10. Lakini kiwanda kilikuwa kinatengeneza chipu za simu, kazi isiyovumilia hata chembe ya vumbi, na moshi na maji vikaharibu vyumba vyake. Wateja wawili wakubwa walikuwa Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden, na wote walipata habari ileile. Kwa Nokia, mtu wa kupanga uzalishaji alikuwa ameshaona kwamba hesabu za mzigo hazikai sawa. Habari ikapanda juu siku hiyohiyo, watu wakatumwa, chipu nyingine zikabadilishwa usanifu ili ziweze kutengenezwa kwingine. Kwa Ericsson habari ilikaa kwa mafundi kama jambo dogo la kiufundi. Ilipofika kwa wakubwa, chipu za akiba duniani zilikuwa zimeshachukuliwa. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 400 hivi, na mwaka uliofuata biashara yake ya simu ikaunganishwa na ya Sony. Kampuni zote mbili zilikuwa na wataalamu. Moja ilikuwa na mazoea ya kupandisha habari mbaya haraka.

Turudi nyumbani, kwa majirani zetu wa kaskazini mwa Kenya, ambako nadhani ndiko ulikofanyika ubunifu mkubwa zaidi wa vihatarishi katika ukanda huu.

Kumkatia bima ng'ombe wa mfugaji wa Marsabit kulikuwa ndoto. Fikiria kazi ya mkaguzi wa kampuni: ng'ombe amekufa kilomita nyingi kutoka barabarani, kwenye kundi linalohama, atathibitisha vipi kwamba amekufa kwa ukame, si kwa ugonjwa, na kwamba hajauzwa Moyale? Nauli ya mkaguzi peke yake ingezidi bei ya ng'ombe. Kila kampuni iliyopiga hesabu iliacha. Na kama ungelipa kwa kila mzoga, ungekuwa umempa mtu sababu ya kutomhangaikia mnyama wake.

Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya nje, walibadilisha swali. Badala ya kuuliza ng'ombe wangapi wamekufa, wakauliza: majani yapo? Hilo halihitaji mkaguzi. Setilaiti hupita juu na kupima ukijani wa ardhi. Kuna kumbukumbu za miaka mingi za ukijani huo, kwa hiyo inajulikana msimu wa kawaida unaonekanaje katika eneo fulani. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wote wenye bima katika eneo hilo wanalipwa, bila fomu ya madai wala kupiga picha mzoga. Mauzo yalianza Marsabit Januari 2010, kupitia Benki ya Equity na kampuni ya bima ya UAP. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, katika ule ukame uliotikisa Pembe ya Afrika. Baadaye Wajir wakaletewa bima ya aina hiyo inayofuata misingi ya Kiislamu, na mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanza kuwalipia ada wafugaji maskini.

Hata kipimo cha mali kilitengenezwa kwa akili ya mfugaji. Mtu hana "mifugo" tu. Ana ngamia, ana ng'ombe, ana mbuzi. Basi ng'ombe mmoja akahesabiwa kuwa kizio kimoja, ngamia 1.4, na mbuzi au kondoo 10 wakafanya kizio kimoja.

Halafu wakabadilisha swali mara ya pili, na hapa ndipo ninapovua kofia. Mkataba wa mwanzo ulikisia vifo; fedha zilikuja msimu ukiwa umeisha na mifupa imeshakauka. Ilikuwa fedha ya kuzikia ng'ombe. Mkataba uliofuata ulisogeza malipo mbele: majani yakianza kushindwa kuota, fedha itoke, mfugaji anunue majani makavu, maji na dawa wakati ng'ombe bado amesimama. Bima ikaacha kulipia msiba, ikalipia kuuzuia. Ni kampuni ngapi za mjini zimewahi kufikiri hivyo kuhusu ghala la mteja wao?

Si kwamba mambo yote yamenyooka. Setilaiti huona kijani. Haijui kama kijani hicho kinalika. Mathenge, ule mti wa miiba uliovamia maeneo makavu ya Kenya, hubaki kijani hata malisho yakiisha. Kwa hiyo yupo mfugaji ambaye wanyama wake wamekufa na mtambo unasema eneo lake liko salama. Wafugaji wengi walionunua msimu mmoja hawakurudi msimu uliofuata, na mauzo ya hiari yamekuwa yakisuasua. Misimu mitano ya mvua iliyofuatana kushindwa, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ilikuwa mtihani ambao hakuna bima pekee ingeufaulu. Ila angalia wateja ni akina nani: ni watu wanaozungumza ukame bila kigugumizi, wanaoyapa majina majanga yao na kuhesabia nayo umri wa watoto. Kwao kutaja ukame si uchuro. Ni kazi ya kila siku.

Hapo ndipo naona wafanyabiashara wa mjini tumeachwa nyuma. Dar es Salaam haikosi kumbukumbu. Usiku wa Julai 10, 2021, Soko la Kariakoo, jengo la mwaka 1975 lililosanifiwa na Beda Amuli, liliungua. Miezi sita baadaye likaungua soko la Karume. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa likaporomoka palepale Kariakoo watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, na mafuriko yakakifuata huko mara kwa mara. Kuhusu hicho cha mwisho sidhani palihitajika mtambo wowote wa kisasa. Palihitajika mtu wa kumuuliza mkazi yeyote wa bonde hilo maji hufika wapi mwezi Aprili, halafu kuandika jibu lake kwa uzito uleule wa jibu la mhandisi.

Na bado mchango wa sekta ya bima katika pato la taifa letu ni takriban asilimia 2 tu. Wenye bima husema tatizo ni uelewa mdogo wa wananchi. Mimi nasema nusu ya tatizo ni wao. Muuza vitenge mwenye fremu ya mita chache, mzigo unaoingia na kutoka kila siku, na nusu ya mali iliyotolewa kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipwa ikishauzwa, hauziwi kitu kinachofanana na maisha yake. Anauziwa karatasi iliyotungwa kwa ajili ya ghala lenye vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Marsabit walikwenda kwa mfugaji, wakahesabu mbuzi wake kumi. Kariakoo muuza vitenge bado anasubiriwa aje ofisini na nyaraka.

Wakati wenye bima wanamsubiri, wafanyabiashara wenyewe wamekuwa wakibuni. Mali kauli ni mfumo wa kugawana hatari: mwenye mzigo na muuzaji wa rejareja wanabeba pamoja hatari ya bidhaa kudoda, na dhamana ni uso wa mtu. Kuchangia kontena kutoka Guangzhou ni mwingine: badala ya kusubiri mtaji wa kontena zima, watu wanane wanaweka mzigo pamoja, na mwenye akili hugawa wake kwenye makontena mawili ya meli tofauti. Lakini kila ubunifu huzaa hatari yake. Mmoja kati ya wale wanane akidanganya thamani ya simu zake kwa forodha, kontena zima linazuiwa, na muuza viatu asiye na kosa anaanza kulipia siku za kuchelewa bandarini. Je, katika makubaliano yenu ya kuchangia kontena mmeandika nani analipa siku hizo? Wengi hawajaandika. Kuuliza kunaonekana kutokuaminiana.

Kingine ni daftari. Duka likiungua, vitu vinaungua, lakini linaungua pia daftari la wadaiwa, na kwa mtu wa mali kauli hilo ndilo duka lenyewe. Dawa yake haifiki shilingi mia: kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo, tuma kwa simu ya ndugu anayekaa mtaa mwingine. Ukimuuliza mtu aliyewahi kuunguliwa angefanya nini tofauti, usishangae akikutajia daftari kabla ya mzigo.

Neno moja la tahadhari kwa wanaopenda mno neno ubunifu. Wabunifu wakubwa kabisa wa vihatarishi katika kizazi hiki walikuwa Wall Street. Waliikata mikopo ya nyumba vipande vipande, wakaifunga upya, wakaikatia kinga, wakauziana, mpaka hakuna aliyejua hatari imekaa kwa nani. Septemba 2008 serikali ya Marekani ililazimika kuikopesha kampuni moja ya bima, AIG, dola bilioni 85 ili isianguke, na huo ulikuwa mwanzo tu. Ule ulikuwa ubunifu wa kuificha hatari. Kipimo changu ni chepesi: mbinu mpya ikifanya mtu wa chini aione hatari waziwazi zaidi, ichukue, ikihitaji profesa kueleza ilipo, ikimbie.

Na hatari ikishaonekana waziwazi, kinachobaki ni uvumilivu wa kuilipia. Waandaaji wa mashindano ya tenisi ya Wimbledon, baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003, walianza kulipia bima dhidi ya janga la maradhi. Fikiria vikao vya kila mwaka: mwaka wa tano, wa kumi, wa kumi na tano, hakuna janga, na mhasibu anauliza hizi fedha tunampa nani. Mwaka 2020 mashindano yakafutwa kwa sababu ya korona, na kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari wakalipwa zaidi ya pauni milioni 100. Walipotaka kinga hiyohiyo kwa mwaka 2021 hawakuipata. Hakuna tena aliyekuwa anaiuza.

Kwa hiyo, msomaji mwenye duka, karakana, shule au shamba: wiki ijayo waite watu wako, wadogo wakae mbele, wewe ukae kimya. Waambie biashara hii imekufa Juni mwakani, waandike imekufaje. Usimjibu yeyote siku hiyo, wala usijitetee. Chukua majibu matatu yaliyokukera zaidi, kila moja ulipe jina la mtu wa kulishughulikia na tarehe. Halafu nenda kwa wakala wa bima, na usianze na bei. Mwombe ukurasa unaoorodhesha mambo yasiyolipwa, usome wote palepale mbele yake, na kama kuna sentensi hata moja ambayo yeye mwenyewe anashindwa kukueleza kwa Kiswahili chepesi, usitie saini.